Punda afe, muvi ifike

Mwaka 2022 punda walikufa sana kwenye sinema. Sitanii. Mwaka huo mmoja zilitoka muvi tatu zilizoongelewa dunia nzima, moja ya kisiwa huko Ireland, moja ya Poland, moja ya dairekta Mswidi anayependa kuwacheka matajiri, zote tatu zina punda ndani na hakuna hata moja ambayo punda anatoka salama. Wachambuzi wa Ulaya waliliona hilo wakaandika weee, punda ni alama ya hiki, punda ni alama ya kile, mara unyonge, mara ubepari, mara Yesu. Mi nimezaliwa Lamu. Huku punda si alama ya kitu, punda ni punda, ukikutana naye kichochoroni ana mzigo ni wewe unayejibana ukutani, na ndo maana nikasema hizi muvi ntaziangalia na watu wa huku huku nione watacheka wapi na watanyamaza wapi. Kama hujaziona na hupendi kuambiwa mwisho basi ishia hapa, manake mi nasema kila kitu.

Sinema yetu ni darini kwa sahibu yangu mmoja, chini ya makuti, shuka jeupe limetundikwa, projekta ya mitumba ambayo picha yake inapinda kidogo upande wa kushoto, na spika inayokata kila mtu akipigiwa simu. Kawaida hapo ni mpira tu. Na wengi wetu tumelelewa na muvi za DJ Afro, yule jamaa anayesimulia juu ya muvi kwa maneno yake, kwa hivo kwetu sisi muvi lazima iwe na steringi na adui, na steringi hafi, akifa basi ujue kuna pati tuu. Sasa hizi nilizobeba kwenye flashi hazina steringi wa maana hata mmoja, na moja wanaongea Kipolishi na Kitaliano, ikabidi mi mwenyewe niwe DJ, nasoma maandishi ya chini nawatilia Kiswahili, kelele zikizidi nasimamisha.

Mgeni rasmi alikuwa ami yangu. Ami ana punda, ndo kazi yake tangu nimepata akili, boti ikishusha mchanga na mawe pale ufukweni punda wake ndo wanaoupandisha mpaka kwenye nyumba inayojengwa huko ndani mtaa wa Langoni, manake vichochoro vyetu gari halipiti, na hizi bodaboda zilizoingia siku hizi hazina ubavu wa kupanda ngazi na mifuko ya mchanga. Ami hapendi muvi, ataangalia taarifa ya habari atalala. Nilimwambia, Ami, kuna muvi ya punda. Akaniangalia hivi. "Punda anafanya nini?" Nikamwambia njoo uone mwenyewe.

Tukaanza na ya Ireland, The Banshees of Inisherin ya Martin McDonagh. Stori yake ukimsimulia mtu anadhani unamfanyia mzaha. Kisiwa kidogo, mwaka 1923, marafiki wawili wa miaka nenda miaka rudi, kila siku saa nane mchana wanakwenda baa wanapiga soga. Siku moja mmoja wao, mzee Colm, mpiga fidla, anaamua hataki tena kuongea na mwenzake Pádraic. Hajakosewa kitu. Hakuna deni, hakuna ugomvi wa shamba, hakuna mwanamke. Anasema tu mwenzake anamchosha, umri unakwenda, yeye anataka atunge muziki utakaobaki baada yake, siyo kukaa saa mbili nzima akisikiliza habari za kinyesi cha punda. Na Pádraic badala ya kukasirika anamsahihisha, hakikuwa cha punda bana, kilikuwa cha yule farasi wangu, kumbe hata hukuwa unanisikiliza.

Hapo dari lilicheka mpaka nikasimamisha. Manake kila baraza Lamu ina Pádraic wake, mtu mzuri, hana baya na mtu, lakini akianza kukuhadithia alivyovuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kutafuta betri ya simu utaadhiniwa magharibi hajafika gatini. Watu wakaanza kunyoosheana vidole, ndo wewe, aah ndo wewe. Ami yeye hakucheka, alikuwa amekereka. Akasema siku tatu. Kwamba sisi tumefundishwa Mwislamu asimnunie nduguye zaidi ya siku tatu, hadithi ya Mtume iko wazi, huyo mzee hata kama si Mwislamu si ana akili, anaishi kisiwani, atakwenda wapi? Kijana mmoja mtukutu akamuuliza, sasa Ami wewe na fulani mbona mwaka wa ngapi huu? Ami akasema, "Yule tunasalimiana."

Wacha watu walie kwa kicheko. Lakini hebu fikiria, jibu la Ami ndo muvi yenyewe. Kisiwani huwezi kumkwepa mtu, utakutana naye sokoni, utakutana naye msikitini, mazishini mtashika jeneza moja, kwa hivo kuna namna ya kununa ya kistaarabu ambayo watu wanaishi nayo mpaka wanazikana, salaam alaykum, alaykum salaam, kila mtu njia yake. Colm yeye alitaka hata salamu isiwepo. McDonagh kazaliwa London lakini wazazi wake ni wa Ireland, na ile hali ya kisiwa ameipata, ile ya kila mtu kujua kila kitu na dukani barua yako ishafunguliwa kabla hujaipokea.

Kuna kitu chengine humo kilichonigusa ambacho nadhani mtu wa mjini mkubwa kinampita. Ng'ambo ya maji kuna vita, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, na watu wa kisiwani wanasikia mizinga na wanaona moshi, wanatingisha kichwa, wanaendelea na bia zao. Polisi wa pale anakwenda huko kusaidia watu waliohukumiwa kifo wauawe, kwa vijisenti na chakula cha mchana cha bure, na hakumbuki nani anamuua nani. Inachekesha. Ila mi nakumbuka 2014, baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni, huko bara, tukawekewa kafyu, wavuvi wakakatazwa kutoka usiku, na sisi huku kisiwani tumekaa tunaangalia upande wa bara, maji yenyewe haya ya dakika chache na boti, tunaulizana ni akina nani wale na wanataka nini, na kesho yake mtu anaulizia bei ya samaki. Sisemi ni sawa. Nasema ndo inavyokuwa.

Haya. Colm anamwambia Pádraic, kila ukiniongelesha ntajikata kidole kimoja. Mpiga fidla, anajikata vidole! Na anafanya kweli, cha kwanza anakitupa mlangoni kwa mwenzake, watu darini wanapiga kelele huku wanacheka, kile kicheko cha kushika mdomo. Baadaye anakata vinne vilivyobaki vya mkono wa kushoto, anavitupa vyote mlangoni. Na Pádraic ana kipunda chake, Jenny, kijipunda kifupi hivi anachokipenda mpaka anakiingiza ndani ya nyumba, dada yake anamgombeza kila siku, mnyama haingii ndani. Jenny anakila kidole kimoja. Kinamkaba. Anakufa.

Kimya. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Ami nikamwangalia, yeye wala hakushangaa kama sisi. Alisema taratibu, "Punda hali nyama. Lakini kilichotupwa mlangoni atakionja."

Akatuhadithia wa kwake. Zamani, kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya nailoni mwaka 2017, punda wa Lamu walikuwa wanashinda jaani, kazi ikiisha punda anaachwa ajitafutie, na chakula cha watu kimo ndani ya nailoni, punda hana mikono ya kufungua mfuko, anameza na mfuko wake. Wake mmoja alianza kulala chini na kuinuka, kulala na kuinuka, anageuza kichwa anaangalia ubavu wake mwenyewe kama mtu aliyesahau kitu. Ami akamkokota mpaka kliniki ya punda, ile ya Donkey Sanctuary pale baharini, daktari akamwekea kile chombo cha kusikilizia tumboni, upande huu, upande ule, akakivua. Akamwambia hakuna mlio, tumbo limesimama. Ami alisema hilo la hakuna mlio kama alivyoambiwa, halafu akatuambia tuwashe muvi.

Mmoja akajaribu kutia methali, tembo wakipigana ziumiazo nyasi. Ami akamkata, "Nyasi gani, sema punda."

Kuanzia hapo muvi si ya kuchekesha tena, na hilo ndo linalonifanya nimvulie kofia McDonagh. Kitu kile kile ulichokicheka mwanzo, kinyesi na punda kuingia ndani, ndo kinachokuja kukufunga mdomo. Pádraic aliyekuwa bwege mzuri anageuka mtu mwengine kabisa, anamwambia mwenzake Jumapili saa nane nakuja kukuchomea nyumba, mtoe mbwa nje, mbwa hana kosa, na anaichoma na mbwa anamchukua yeye. Na Colm, ambaye vidole vyake mwenyewe havikumtoa hata chozi, anakwenda kuungama kwa padri kwa sababu ya punda. Padri anamuuliza, unadhani Mungu ana shughuli na vipunda? Colm anajibu naogopa hana, na naogopa hapo ndo mambo yalipoharibika. Ami aliposikia hiyo akanirudi mimi kama kwamba ndo nilosema. Hana shughuli? Na yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga asimlishe? Nikamwambia Ami si mimi, ni padri. Akasema basi padri hakusoma.

Iliteuliwa Oscar mara 9 ikatoka mikono mitupu, na ukishaijua stori huo nao ni mzaha wa aina yake. Colin Farrell mi naona alidhulumiwa, zile nyusi zake peke yake zilistahili kitu.

Ya pili ilikuwa Triangle of Sadness ya Ruben Östlund, Mswidi, ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la sinema la Cannes, na ilikuwa ya pili yake, ya kwanza alichukua 2017. Hapa ntapita haraka kwa sababu mwenye nayo hasa ni sahibu yangu mwenye projekta, ambaye kazi yake ni hoteli huko Shela. Ni kuhusu matajiri kwenye meli ya starehe, wafanyakazi wameambiwa chochote mgeni anachotaka jibu ni ndiyo. Mama mmoja wa Kirusi amekunywa shampeni mpaka amepata huruma, anataka wafanyakazi wote, wote, hadi wapishi, waache kazi waogelee wafurahi. Na wanaogelea, wamepanga foleni na nguo za kuogea kama watoto wa shule. Sahibu alikuwa anapiga paja. Kwao palikuwa na mgeni aliyewalazimisha waiters wakae naye mezani wale pamoja, na meneja amesimama nyuma ya nguzo anawatolea macho, yaani kila tonge unalomeza unajua kesho utaulizwa.

Halafu inakuja dhoruba, chakula kimeharibika, watu wanatapika dakika nyingi kuliko inavyohitajika, vyoo vinafurika, na dada yangu alishuka chini hapo akasema akirudi darini awe amekuta tumezima. Kuna wazee wawili wa Kiingereza watamu sana, biashara yao ni kutengeneza mabomu ya mkono, na maharamia wanatupa bomu kwenye meli, bibi analiokota anaangalia anamwambia mumewe, hili si letu hili? Hiyo sikuwahitaji watu niwafafanulie.

Wanaobaki wanatupwa kisiwani, na anayejua kuvua na kuwasha moto ni mmoja tu, Abigail, Mfilipino aliyekuwa akisafisha vyoo melini. Anagawa pweza. Anauliza, melini mimi nilikuwa nani? Na hapa mimi ni nani? Mpaka wamwite kapteni ndo wapewe tonge. Sahibu alisimama, akapiga makofi, peke yake, usiku ule angempa Oscar, uraia na binti wa mtu. Huyo akta, Dolly de Leon, ni hatari kweli kweli.

Ila kuna punda. Tajiri mmoja wa kompyuta, hapo hapo kisiwani, anampiga kwa jiwe, punda hafi, analia, anampiga tena, bado hafi, wenzake wanasubiri nyama, na baadaye ni furaha, anapongezwa kama kaoa. Najua kinachosemwa pale, kwamba matajiri wakivuliwa saa zao za mkononi wanarudi kuwa washenzi. Nimeelewa. Nilielewa tangu wanatapika. Lakini punda mwenyewe hakuonekana kwenye muvi kabla ya pale na baada ya pale haulizwi tena, kaletwa abebe ujumbe, kaufikisha, kwisha. Punda afe mzigo ufike. Ami alishaondoka kabla ya hapo, kwenye matapishi, na nashukuru.

Sahibu tumebishana naye hilo mpaka leo. Yeye anasema we umeshikilia punda na mimi nimeshikilia Abigail, na Abigail ni mtu. Ana haki yake. Kisha akaniuliza kwani hakuna muvi ya mahoteli ya huku kwetu? Ipo, Paradise: Love ya Ulrich Seidl, ya 2012, mama wa Kiaustria anakuja pwani ya Kenya kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufukweni, kuna kamba imekatiza mchangani, wazungu wamelala upande huu, vijana wamesimama upande ule wanangoja mtu avuke. Hiyo nilijaribu kuiangalia Malindi na binamu zangu. Haikufika mwisho. Mmoja alisema haya mambo nayaona bure kila jioni, sasa nimalizie bando kwa nini.

EO niliiacha ya mwisho kwa sababu nilikuwa naiogopa, na Ami akarudi kuiangalia. Hii dairekta wake ni Jerzy Skolimowski, Mpolandi, aliitoa ana miaka 84, na kule Cannes alipopewa Tuzo ya Jopo (waligawana na muvi nyengine) akasimama jukwaani akawashukuru punda kwa majina yao, mmoja mmoja, punda sita walioigiza kama punda mmoja. Muvi yenyewe haifiki saa moja na nusu na maneno ni machache mno, DJ nilipata mapumziko.

EO ni punda wa sarakasi, analelewa na msichana anaitwa Kasandra anayempenda kweli. Wanakuja watetezi wa wanyama na mabango, sarakasi yenyewe ina madeni, wanyama wanachukuliwa. Ami hapo hapo, "Hao waliomtetea ndo waliomtupa." Na ni kweli bana, muvi nzima inatoka hapo, kila mtu anayemgusa punda huyu ana nia yake nzuri au mbaya na hakuna hata mmoja anayemuuliza yeye. Kasandra anakuja kumwona usiku mmoja, na keki ya karoti, kwa sababu ni bethdei yake, amekumbatia, kisha anapanda pikipiki na bwana wake anaondoka. Punda anavunja uzio anamfuata. Hampati. Basi imekuwa hivo, msituni usiku, mjini, barabarani.

Kuna kipande cha mpira ambacho vijana walikipenda, anatokea uwanjani, timu ya mtaa inashinda, wanamchukua punda kama ndo aliyefunga, wanaimba naye. Usiku wale walioshindwa wanakuja na marungu, wanavunja baa, wanatoka nje wanamkuta punda. Kamera inaangalia kama macho ya punda mwenyewe, huoni sana, unasikia. Kijana mmoja aliyekuwa anachezea simu muvi nzima aliiweka chini.

Mahali pengine wanamtumia kubeba mizoga kwenye shamba la wanyama wa ngozi, na anampiga teke mfanyakazi, teke la haki, anamlaza. Mtu akasema shukrani ya punda mateke. Ami akasema hiyo methali ilitungwa na mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya punda asiyemjua. Punda hapigi teke hivi hivi, masikio yake yanasema kwanza, akiyalaza nyuma we sogea, tatizo lenu hamumwangalii masikio.

Mwisho anaingia kwenye kundi la ng'ombe, wanapelekwa kwenye njia nyembamba, skrini inakuwa nyeusi, unasikia mlio mmoja. Basi. Yanakuja maandishi kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa kwenye kutengeneza muvi hii, nikawasomea, hakuna aliyejibu.

Ami ndo aliyeanza, na hakuanza nilikodhani ataanza. "Muvi ya uongo." Kwa nini Ami? "Mbona hakurudi kwao?" Na akaendelea, manake alikuwa ameudhika kitaalamu, yaani fundi anayeona msumari umepigwa vibaya. Punda anajua kwao. Wake yeye wakimaliza kazi anawavua wanakwenda zao, wanazunguka, wanakula, na alfajiri wako mlangoni, mmoja alipouzwa Matondoni alirudi Amu, yaani mjini Lamu, peke yake kwa miguu mara ya kwanza walipomfungulia. Nikamwambia Ami, kwao kulivunjwa, kwao ilikuwa yule msichana na yule msichana ana pikipiki. Akafikiri. Akasema basi hapo wangeonyesha anarudi pale penye sarakasi, anakuta hakuna kitu, hiyo ndo ingekuwa chungu. Na mi nadhani Ami hapo amemshinda Skolimowski, wallahi, hicho kipande kingeniua.

Kisha tukaongea machinjio. Kwa sisi ile skrini nyeusi si hadithi ya Poland. Kuanzia 2016 hapa Kenya zilifunguliwa machinjio ya punda, zikafika nne, ngozi inakwenda Uchina inachemshwa wanatengeneza dawa inaitwa ejiao, na bara huko watu wakawa wanaamka wanakuta punda wao kachunwa porini, nyama imeachwa, ngozi imekwenda. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, Mei 2021 mahakama ikaiondoa marufuku, mpaka Februari 2024 Umoja wa Afrika ndo ukakubaliana biashara ya ngozi za punda isimame bara zima. Ami hizo tarehe hazijui, anachojua ni kwamba kulikuwa na wakati walikuja watu wasiojulikana wanaulizia punda wazee, wasioweza kubeba, na wanatoa bei ya punda mzima. Nani ananunua punda asiyeweza kubeba? Alisema hakuwauzia. Sikumuuliza zaidi.

Hapo yule kijana mtukutu wa mwanzo, ambaye siku moja atapigwa, akasema, Ami, na wako wanaopanda na mchanga jua la saa sita? Pakawa pagumu kidogo. Ami hakukasirika. Akasema asipobeba yeye nabeba mimi, na mgongo wangu mshauona. Halafu akasema na akibeba halafu asile, kesho habebi, mi si mjinga. Sahibu akataka kuingiza mambo ya wafanyakazi wa hoteli, punda ni sisi, nikamwambia leo hapana, acha punda awe punda.

Ukiniuliza sasa niipange vipi, Banshees naiweka juu na naweza kuirudia hata wiki ijayo. EO nimeiona na sitaki kuiona tena, lakini ntakulazimisha wewe uione, hasa kama una mnyama. Ya Östlund angalia kwa ajili ya Abigail, na kama umekula usiangalie. Kwenye vichekesho vya namna hii, vile vya kucheka huku unajiuliza unacheka nini, mi siku hizi naangalia yule asiyeweza kusema, kama muvi inamjua au imemkodi tu. Jenny anajulikana, ana jina, ana kengele shingoni, anapokufa nyumba inaungua. EO anajulikana mpaka kope. Yule wa kisiwani kwa matajiri hana hata dakika moja ya kula majani.

Ami siku nyingine alinikamata njiani, Mkunguni pale, ana hasira ya mtu aliyefikiria jambo peke yake kwa muda. Hivi nyinyi na muvi zenu, hakuna hata moja punda anabaki hai? Nikakaa nikatafuta kichwani, wallahi nilipata moja tu, nikampelekea nyumbani kwenye flashi, Shrek, ya 2001, punda anaanza hai anamaliza hai na anampata mke ambaye ni joka. Akaiangalia na wajukuu mwanzo mpaka mwisho, wajukuu wanagaragara, yeye kakunja mikono. Nilipokwenda kuchukua flashi nikamuuliza, enhe Ami, vipi huyu?

"Anaongea sana," akasema. "Na tangu ianze mpaka imekwisha hajabeba hata mfuko mmoja."